Moto Mmoja kwa Nyumba Mbili

Mke mwenzangu mpendwa,

Kwanza nimsalimu huyo atakayekusomea. Ndugu, kama wewe si Boke mwenyewe, tafadhali soma polepole, usiruke mahali, na usiongeze maneno yako. Ukichoka, kunywa maji kisha uendelee. Sasa naongea na wewe, Boke.

Sisi huku hatujambo. Mwanangu Atieno ameota tena yale meno ya mbele yaliyong'oka na sasa anauma kila kitu. Mume wetu amerudi kazini kwenye chai, Kericho. Mama mkwe bado anakohoa asubuhi na bado anasema mchana kutwa. Yule ng'ombe mweupe uliyemwogopa amezaa ndama jike. Salamu zimeishia hapo. Kilichonikalisha chini kuandika ni nyumba yako. Wazee wa boma wamesema palizi ikiisha watakaa kuamua kama ibomolewe. Tangu uondoke haijatoa moshi, na unajua hapa kwetu nyumba ya mke isiyotoa moshi huhesabiwa kwamba mwenyewe ameshaiacha. Palizi yenyewe imebaki mashamba ya upande wa mto tu. Mimi sitaki ibomolewe. Nataka urudi, na kinachonikosesha raha ni kwamba sijui kama wewe unataka.

Nakumbuka ulivyoingia hapa. Ulikuwa mwaka ule baada ya mvua kubwa, ziwa lilipopanda likala mashamba ya watu wa Homa Bay, na jamaa wengine wakaja huku juu kuomba mahali pa kulima. Mume wetu alikuwa amefanya kazi ya barabara upande wa Migori, akarudi na wewe. Ulikuwa na kitenge kimoja na chungu kimoja cha kwenu, na hukujua hata neno moja la Kijaluo. Mimi nilikuwa nimejiandaa vizuri kabisa kukuchukia. Nilikuwa na kila sababu. Ila kuchukiana kunahitaji lugha, na lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili ilikuwa Kiswahili tu, changu cha shule ya misheni na chako cha soko la Migori. Siku ya kwanza nilikuambia, "Karibu, keti kitako, ewe mgeni wetu." Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ukaniuliza kama ninahubiri. Nilitaka kukasirika nikashindwa.

Basi nikawa mdomo wako. Mama mkwe akisema, "Huyu anasema nini?" namweleza. Wewe ukiuliza, "Mama anasema nini?" nakueleza, na akisema la ukali nalipunguza kidogo njiani. Aliposema huyu mtoto wa watu amekonda hivi atalimaje, mimi nilikuambia Mama anauliza kama umekula. Ukamjibu kwamba umeshiba, asante, naye akashangaa majibu gani hayo. Tuliishi hivyo, na ninaamini hiyo ndiyo iliyotuunganisha, kwa sababu hakuna mtu mwingine bomani aliyejua ninavyowadanganya wote wawili.

Ukaanza kuniita Mikayi, kama wanavyomwita mke wa kwanza hapa, lakini ulilitamka kwa namna yako, ukilivuta mwishoni. Natamani kulisikia tena.

Sasa ile habari ya chemchemi. Ulirudi na mtungi kichwani, ukautua hata kabla ya kufika kivulini, ukaniuliza, "Mikayi, ni nani anakata miti juu ya maji?" Nikakuambia, kila mtu. Wanaume wanachoma makaa yanayoenda Homa Bay, wanawake wanakata kuni za kupikia, na sisi wawili tumo. Ukanionyesha maji yenyewe. Yalikuwa mekundu na machache, na ulikuwa umeyasubiri yajae kibuyu kwa kibuyu. Ukasema kwenu kule milimani kichaka kilicho juu ya maji baba yako alikilinda kwa fimbo, hata mbuzi hakupita. Nikakujibu kwamba huku kichaka ni cha wote, na sisi ni wanawake, wachoma makaa tutawaambia nini.

Ukasema, "Wale siwawezi. Mimi na wewe tunawezana."

Ndivyo ilivyoanza. Wewe ndiye uliyetunga masharti, ukiwa umechuchumaa pale uani unachora mchangani kwa kijiti. Kuanzia siku ile mpaka wimbi, huu ulezi wetu, livunwe, mti mbichi hatukati. Tutaokota matawi yaliyoanguka yenyewe, tutapikia mabua ya mtama, magunzi ya mahindi, na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Mimi nikasema watu watatuona maskini. Ukasema maskini tuko tayari, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa.

Hukunipumzisha, Boke. Nikisahau kuloweka maharage jioni, asubuhi unasimama mlangoni pangu umekunja mikono. Nikiacha chungu wazi kinachemka, unakuja kukifunika bila kusema kitu, kama polisi. Ulinifundisha kuzima kijinga cha moto kwa jivu chakula kikishaiva, badala ya kukiacha kijiunguze bure mpaka kiishe. Maji ya kuoshea vyombo ukakataza yasimwagwe uani, yapelekwe kwenye mboga. Mimi nilikuwa nimepika miaka yangu yote na hakuna aliyeniambia hayo. Kuna siku nilikuchoka. Nilikuambia wazi kwamba mume wetu aliniletea mke mwenza, hakuniletea mnyapara. Ukauliza tu, "Na maharage umeloweka?"

Tulianza hata kuoneana wivu, mimi na wewe, nani amepika kwa kuni chache. Wake wenza wengine hushindania mume. Sisi tulikuwa tunapimana vifurushi vya mabua. Wanawake waliotupita njiani kwenda soko la Ndhiwa walitusikia tukibishana, wakasikitika, wakadhani tunapigania mume.

Kisha ikaja ile jioni, giza likiingia, tukiwa tumewasha kila mtu kwake. Maharage yangu juu ya mafiga yangu, mboga zako juu ya mafiga yako, na uani kati yetu hatua chache tu. Ulitoka nje ukatazama moshi wako, ukatazama wangu. Ukasema, "Mbona mioto miwili, na midomo inayokula ni hii tu?"

Nilirudi kukoroga maharage. Sababu nilikueleza baadaye, na najua ulinielewa, lakini narudia ili anayekusomea naye ajue. Kwetu mke akiolewa hupika kwanza kwenye jiko la mama mkwe. Siku akipewa mafiga yake mwenyewe ndiyo siku anapokuwa mwenye nyumba. Yako ulikuwa umepewa juzijuzi tu, na mimi mwenyewe nilikusaidia kuyaweka, jiwe moja lilikataa kutulia tukacheka. Mke haendi kupika kwenye jiko la mke mwenzake. Mume akija, kila mmoja humpelekea chakula kilichotoka kwenye moto wake. Mtu hasemi sababu, anajua tu.

Ukaniuliza, "Ni nani atatuona?" Nikacheka, maana boma hili hata kuku wanasengenya. Lakini nilikubali. Tukafanya zamu, leo kwangu, kesho kwako, vyungu viwili kwenye moto mmoja, kimoja kikiteremka kingine kinapanda. Kuni tulizookota kwa siku moja zikatufikisha siku ya pili. Nilifurahi, Boke, nisiseme uongo. Tulikaa pamoja jioni, Atieno amelala mapajani pako, ukinifundisha kusalimu kwa Kikuria nami nikikuharibia.

Halafu ukapata mimba. Moshi ukawa unakuchafua moyo, ukitapika hata kwa harufu ya mabua. Nikakuambia acha zamu, tupikie kwangu mpaka upate nafuu. Haikuwa mipango. Ilikuwa ni huruma na uvivu wa kila siku, wiki ikaingia nyingine, na mafiga yako yakabaki baridi hivyohivyo.

Ndipo mume wetu akaja likizo. Nakumbuka ulivyovaa kitenge chako, ukambebea ugali na samaki, ukapiga goti kwa adabu zote. Nami nikaleta changu. Akala vyote viwili. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni anatazama sahani zetu. Alinyanyuka, akaingia nyumbani kwako. Sote tukamwona kwa mlango, akiinama, akiweka kiganja juu ya figa moja, akahamia la pili, akahamia la tatu. Akatoka akiwa amekiinua kile kiganja mbele yake kama mtu aliyeshika kitu.

"Kimepikwa wapi?" akauliza kwa Kijaluo.

Nilikutafsiria hivyo hivyo. Siku ile nilikosa pa kupunguza. Na wewe, badala ya kusema lolote la kutuokoa, ukamjibu ukweli mtupu: "Kwa Mikayi. Tunapika pamoja ili tusimalize miti."

Nikamtafsiria. Mama aliuliza, "Miti?" Alinitazama mimi, hakukutazama wewe. Akasema mwanawe hajala kwa mke wake wa pili, amekula mara mbili kwa wa kwanza, na kwamba mimi nimekumeza wewe na nyumba yako na mimba yako, na wewe kwa ujinga wa mgeni umekubali kumezwa. Hayo sikukutafsiria. Nilikuambia Mama amekasirika.

Na mume wetu? Alipangusa mdomo, akaomba maji ya kunawa. Mwanamume mzima aliyekula sahani mbili hakupata neno moja. Mpaka leo nikimpikia nakumbuka kule kunawa kwake.

Siku zilizofuata sipendi kuzisema, lakini nikiziruka utaona kama nimezisahau. Mimba iliharibika. Tulikupeleka zahanati ya Ndhiwa kwa baiskeli, umekaa nyuma, mimi nikikushika kiuno na shemeji akisukuma, na njia nzima ulikuwa unaniambia nisikubane sana. Dresa, yule mhudumu wa zahanati, alisema jambo hilo huwapata wanawake wengi, hasa mimba ya kwanza, na kwamba hakuna aliyefanya kosa. Nilikutafsiria kila neno lake kwa furaha, ijapokuwa alisema kwa Kiswahili na ulimsikia mwenyewe.

Tuliporudi, wanawake wa boma walikuja kukaa nawe. Wakakaa chini ukutani, wakaongea kwa sauti ya chini. Walisema ni chira, ile adhabu inayompata mtu aliyevunja mwiko. Walisema moto wa nyumba ukizimwa na tumbo la mwenye nyumba linazimika. Ukageuza kichwa mkekani, ukaniuliza, "Wanasema nini?" Nikakuambia, "Wanakupa pole." Ulinitazama muda mrefu. Kijaluo chako kilikuwa kidogo, lakini neno chira ulikuwa unalijua.

Kaka zako walipokuja kukuchukua, ulibeba chungu chako ukaacha kila kitu kingine. Hukulia. Uliniambia tu nimwangalie Atieno asikaribie yule ng'ombe. Nilisimama njiani mpaka mkapotea upande wa barabara ya Uriri.

Sasa nikuambie yaliyomo moyoni mwangu, na huyo anayesoma asinipunguzie. Mimi nimebatizwa. Mchungaji alikuja, nikamuuliza, akasema hizo ni hofu za watu, Mungu hamwadhibu mtoto kwa sababu ya mahali chungu kilipoinjikwa. Mchana nasema amina. Lakini nikiinama kupuliza moto wangu mwenyewe, napata baridi mgongoni. Nawaza, kama ningekataa ile jioni? Kama ningesema, Boke, mengine yote sawa, lakini moto kila mtu na wake? Halafu najikasirikia kwa kuwaza hivyo, maana nikikubali hilo ni kama nimekaa ukutani na wale wanawake. Sijui, Boke. Huo ndio ukweli wangu. Sijui, na hakuna wa kumuuliza, kwa sababu wewe ndiye niliyekuwa nakuuliza.

Na nakukasirikia na wewe pia. Ungesema uongo kidogo tu siku ile. Ungesema kuni zililoa. Mtu gani anamjibu mama mkwe habari za miti!

Wimbi lilivunwa. Muda wetu ulikwisha hapo, na wewe ulikuwa umeshaondoka, lakini mimi sikuacha. Nimezoea. Mikono inaloweka maharage yenyewe. Atieno anapeleka maji ya vyombo kwenye mboga bila kutumwa, na akiona chungu kiko wazi ananipigia kelele kwa sauti yako kabisa. Ningependa kukuambia chemchemi imejaa. Haijajaa. Wachoma makaa wanaendelea vilevile, juzi wamemaliza upande wote wa jirani. Ule upande wetu mdogo, ulio karibu na boma, ndio umebaki na kichaka, tena miti michache, mmoja wao ule mti tunaouita siala, ambao wewe ulipenda kukaa chini yake kungoja maji.

Wiki iliyopita Mama mkwe alinifuata nikipukuchua mahindi. Alikaa, akapukuchua na mimi, jambo ambalo halifanyi siku hizi kwa sababu ya vidole vyake. Akasema wazee wanamuuliza juu ya nyumba yako, na kwamba yeye hataki ibomolewe. Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema kijana wake hajapata mke mwenye mikono mizuri shambani kama yako, na kwamba hata yeye alikuja bomani hili akiwa mgeni, akalia mwaka mzima. Lakini akaweka sharti. Ukirudi, uwashe moto wako mwenyewe, mkubwa, boma lote lione moshi. Na kuni za kwanza zikatwe na mimi, kwa mikono yangu, niziweke ukutani pako, ili kila mtu ajue sitaki uwe chini yangu. Kuni zikiwepo, yeye atawazuia wazee wangoje.

Nikamwambia nitaokota nyingi, nitajaza ukuta. Akakataa. Ziwe za mti mbichi. Akasema kuni zilizokufa zenyewe haziwashi nyumba ya mtu aliye hai, na zikianza kuliwa na mchwa kabla hujafika, wazee watasema hiyo ndiyo ishara na yeye hatakuwa na la kujibu. Sijui kama huo ni mwiko wa kweli au ameutunga palepale. Nilibishana naye. Nilimweleza chemchemi, kichaka, masharti yako, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nadhani mara hii alinielewa. Halafu akaniuliza taratibu, "Unataka miti, au unamtaka Boke?"

Nilichukua mtungi. Niliondoka nikaenda kuchota maji, nikakaa huko hadi jua likazama.

Jana asubuhi nilichukua panga. Nilipanda juu ya maji, upande wetu, nikaukata ule msiala. Ulikuwa mgumu na ulitoa maji mengi, na panga likawa linateleza mkononi. Nilipumzika nikalia, nikaendelea. Niliupasua, nikaubeba kwa safari nyingi, nikaupanga ukutani pako vizuri, na kila aliyepita aliniona. Mama alikuja akazigusa kuni kwa kiganja, akarudi kwake.

Kwa hiyo nyumba yako haitabomolewa palizi hii. Itangoja kadiri kuni zitakavyokuwa nzima. Zikiharibika na hujafika, nitakata mti mwingine, na ukiharibika huo, nitakata mwingine. Imebaki michache, na ninayo nguvu ya kuimaliza yote juu ya chemchemi, mpaka asipatikane mtu wa kuamini kwamba tuliwahi kuilinda. Najua hilo linakuchoma. Nataka likuchome. Panda gari la Uriri ukiwa na hasira zako zote, uje unipigie kelele hapa uani kwa Kiswahili chako cha Migori. Boke, usiniache niukate wa pili.

Ni mimi,
mke mwenzako, Mama Atieno